Motokaa ya Chama: Tuchague kwa Akili, Tusichague kwa Macho



Twaomba nafasi katika gazeti letu tupate kusema maneno machache juu ya jambo ambalo siku hizi lazungumzwa katika kila ofisi hapa Mukendo, yaani motokaa ya Chama. Twajua ya kuwa Halmashauri imekwisha kuitisha mkutano, na kila mwanachama atakuwa na ruhusa ya kusema siku hiyo. Lakini maneno ya mkutanoni mara nyingi hupotea katika kelele, na yaliyoandikwa hukaa.

Land Rover yetu, ambayo sote twaiita Mzee, imechoka. Hapana mwanachama ambaye nyumba yake haikupata kuiona Mzee mlangoni, ama siku ya arusi ama siku ya msiba, ikivuta tela lenye turubai, viti, masufuria na tangi la maji. Imekwenda Bunda, imekwenda Butiama, imevuka Daraja la Kirumi mpaka Tarime. Ndugu zetu kadhaa waliotangulia mbele ya haki walisindikizwa nayo mpaka makaburini kwao. Kwa hiyo hatuwalaumu wanaosema, Tuitengeneze tena, tusiitupe. Hata sisi twaipenda. Lakini mapenzi ni kitu kimoja, na usalama wa watu ni kitu kingine.

Injini ya Mzee ni ile iitwayo 300Tdi, ya lita 2.5, ambayo waundaji walianza kuitia katika Land Rover mwaka 1994. Ni injini njema, na fundi aweza kuifungua na kuifunga upya. Taabu yetu haiko katika injini. Watu husema mwili wa Land Rover hauli kutu, nao wasema kweli, kwa maana bati lake ni la alumini. Lakini bati halivuti tela. Kinachovuta ni chasisi, nayo ni ya chuma. Chasisi ya Mzee imeoza sehemu ya nyuma, pale pale inaposhikwa kulabu ya tela, na imekwisha kuchomelewa viraka mara tatu. Kiraka juu ya kiraka si chuma kimoja. Siku kulabu itakapong'oka njiani, tela halitauliza ni nani yuko nyuma yake.

Basi, motokaa nyingine yapasa kununuliwa. Lakini kabla ya kuuliza, Tununue ipi? yapasa kwanza kuuliza, Itavuta nini? Swali hili hatujalisikia kwa mtu hata mmoja. Tulichukua kalamu na karatasi tukahesabu. Viti 200, kila kimoja kilo 2 na nusu, ni kilo 500. Turubai na nguzo zake tulikadiria kilo 300. Masufuria na mafiga ya chuma, kilo 100. Maji ya tangi, lita 500, ni kilo 500. Tela lenyewe likiwa tupu, kilo 500. Jumla yake ni kilo 1,900, na hapo hatujatia mtu hata mmoja katika motokaa.

Sasa sikilizeni, ndugu zetu. Waundaji wa Land Rover ya namna ya Mzee wameandika ya kuwa yaweza kuvuta tela la kilo 3,500, lakini tela hilo liwe na breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki lisizidi kilo 750. Tela letu halina breki. Maana yake, kwa miaka hii yote tumekuwa tukivuta zaidi ya mara mbili ya uzito ulioruhusiwa, tukijisifu ya kuwa Mzee ana nguvu.

Wako wanaokumbuka tulivyopata adabu masika yaliyopita. Tulikuwa twarudi kutoka msibani upande wa Butiama, njia yateremka, mvua yanyesha. Dereva alipokanyaga breki, motokaa ikatii, tela lisitii. Likatusukuma kutoka nyuma, likapinda, likatugeuza, nasi tukajikuta tunatazama tulikotoka, na viti vimetapakaa mtaroni. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu kwa niaba ya wote. Wengine walisema ni ajali tu, wengine walisema dereva alikwenda mbio. La, kosa lilikuwa letu sote, kwa kuwa tulijali nguvu ya kuvuta tukasahau nguvu ya kusimamisha. Motokaa yo yote tutakayonunua, hata ikiwa mpya kabisa, itasukumwa vivyo hivyo na tela hilo hilo.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: fedha ya breki za tela itengwe kabla ya fedha ya motokaa. Ziko breki zisizo na mambo mengi. Motokaa ipunguzapo mwendo, tela hujisukuma mbele, na msukumo ule ule hukaza fimbo inayoshika breki za magurudumu yake. Tena tupange mizigo vema, vizito vikae juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Tela lililolemewa nyuma huyumba kama mlevi.

Tuje sasa katika motokaa yenyewe. Katika mazungumzo tumesikia mashauri matatu.

Shauri la kwanza ni la vijana, nao wataka motokaa ya fahari iliyotumika Japani, yenye injini ya dizeli ya kisasa na gia zinazojibadili zenyewe. Hatusemi ni mbaya. Injini hizo hunywa mafuta kidogo na huvuta vizuri. Lakini ndani yake mafuta husukumwa kwa msukumo upitao mara elfu moja ule wa hewa tuivutayo, kupitia nozeli zenye matundu membamba sana. Tone la maji au takataka huziharibu, na nozeli moja si kitu cha bei ndogo. Tusisahau habari za mafuta ya taa kuchanganywa na dizeli. Uovu huo ulienea hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kutia alama katika mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchanganyaji asipate faida. Mafuta ya taa hayalainishi chuma kama dizeli ilainishavyo, na pampu yenye msukumo mkubwa ndiyo ya kwanza kufa. Tena injini hiyo hutawaliwa na kompyuta. Ikigoma njiani usiku, na jeneza limo ndani, fundi mwenye spana peke yake hawezi neno. Zaidi ya hayo, motokaa kuukuu iingiayo nchini hutozwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa forodha na kodi nyingine, na wengi wetu hupiga hesabu ya bei ya Japani wakasahau bei ya bandarini.

Shauri la pili ni la wazee, nao wataka Land Rover nyingine kama Mzee. Moyo wetu waelekea huko, lakini akili yakataa kidogo. Land Rover ya namna ile ilikoma kuundwa mwezi wa Januari 2016, na zilizo na injini kama ya Mzee ni za zamani zaidi. Tutakayoipata yaelekea kuwa na umri sawa na wa Mzee, na pengine kutu ile ile. Kumwondoa mzee mgonjwa na kumweka nduguye mgonjwa si kubadilisha.

Shauri la tatu ndilo tunaloliunga mkono: Land Cruiser ile ya kazi ambayo watu huiita Hardtop, ya jamii ya 70 iliyoanza kuundwa mwaka 1984, yenye injini iitwayo 1HZ. Injini hiyo ilitoka mwaka 1990. Ni ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake huendeshwa kwa chuma na mkanda bila kompyuta. Haina mbio, na hunywa mafuta kuliko Mzee. Mwenye kuwaambia ya kuwa ni ya bei rahisi awadanganya. Lakini nguvu yake hutoka injini ingali ikizunguka polepole, na hiyo ndiyo nguvu itakiwayo na mtu avutaye tela. Tena mafundi wengi wa nchi hii wameijua kwa mikono, maana ndiyo iliyobeba wagonjwa, askari, mapadre na watalii wa Serengeti. Spea zake huulizwi mara mbili dukani.

Lakini jina jema haliponyi motokaa mbovu. Hardtop nyingi zilizouzwa mnadani zimefanya kazi ya punda. Kwa hiyo twaomba watu watatu watumwe kuikagua, na mmoja wao awe dereva wetu, na mmoja awe fundi asiyejuana na mwenye kuuza. Wafanye hivi:

Wafike asubuhi na kugusa injini. Ikiwa imekwisha kupata moto, mwenyeji amewatangulia, nao waulize kwa nini. Injini nzima ya dizeli huwaka ingali baridi bila kubembelezwa.

Watazame moshi. Mweusi mwingi ni mafuta yasiyoungua vema, au nozeli zimechoka, au chujio la hewa limeziba. Wa samawati ni oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto waonya juu ya maji kuingia katika silinda.

Wafungue kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukifuka kwa nguvu kama chungu jikoni, ringi zimekwisha. Kisha watazame maji ya rejeta, kama yana mafuta au yachemka mapovu.

Waulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, nao wasikubali jibu la mdomo. Ukikatika, injini nzima yaweza kuharibika kwa dakika moja.

Walale chini na kugonga chasisi kwa nyundo ndogo toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza.

Wafunge tela letu lenye mzigo, wapande nalo kilima na kushuka kwa gia ndogo. Motokaa isiyojaribiwa kwa kazi yake haikujaribiwa.

Mwisho, walinganishe namba ya chasisi na ile ya kadi ya motokaa, na jina la mwenyewe na jina la anayeuza.

Wako watakaosema twaongeza maneno. Tuwakumbushe habari iliyotukia katika nchi hii hii. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha kilimo kikubwa cha karanga huko Kongwa. Kwa kuwa matrekta mapya hayakupatikana upesi, walinunua yaliyotumika, mengine yakitoka katika mabaki ya vita huko Visiwa vya Filipino. Yalipofika, mengi yaliharibika upesi, na spea na mafundi hawakutosha. Mpango wote ukavunjwa mwaka 1951, na mamilioni ya pauni yamekwisha kupotea. Ikiwa wenye hazina kubwa waliweza kuumbuka kwa mashine kuukuu, sisi tunaokatwa mishahara kila mwezi tutajidai nini?

Na hapo ndipo penye uchungu wetu. Fedha itakayonunua motokaa hii si ya Halmashauri. Ni ya mjumbe wa ofisi, ni ya muuguzi, ni ya mwalimu ambaye mwezi uliopita alikuja kuomba mkopo wa ada ya mtoto akaambiwa asubiri. Kwa hiyo neno hili hatulifichi: mtu ye yote atakayetumwa kukagua, naye akapokea chai kwa mwenye kuuza, ameuza viti vya msiba wetu. Na bei isimalize fedha yote. Robo moja ibaki kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, kwa kuwa motokaa iliyotumika haisemi siri zake zote siku ya kwanza.

Tena pawe na daftari ndani ya motokaa, lenye tarehe, kilomita, mafuta, oili na kila kilichobadilishwa. Sisi ni watu wa kalamu. Twaandika habari za mali ya wengine mchana kutwa, na ya Mzee hakuna aliyeiandika hata ukurasa mmoja. Ndiyo sababu hatukujua kutu ilianza lini.

Mzee naye asitupwe kama mbwa. Injini yake na gia zake bado zina kazi, ziuzwe kwa haki na bei yake itiwe katika breki za tela. Hivyo hata akiisha kustaafu atakuwa akitulinda njiani.

Wanachama wenzetu, siku ya mkutano mje na hoja, msije na picha za motokaa zinazong'aa. Cha kung'aa twakiona sote. Kilicho chini yake ndicho kitakachotufikisha msibani na kuturudisha nyumbani.

Wasalaam,
Sisi watumishi wenzenu,
KARANI,
Mukendo, Musoma.