Sheria ya mchezo isipoeleweka, nani aamue?

Kwenye dame ukidanganya, mwenzako anapiga kelele palepale. Anataka kukushinda, kwa hiyo analinda sheria. Lakini iko michezo ya mezani ambamo wachezaji wote wako upande mmoja na adui ni mchezo wenyewe: wanashinda pamoja ao wanashindwa pamoja. Mmoja ni Arkham Horror, ule wa karata uliotoka Marekani mwaka 2016, uliojaa mazimwi. Hapo hakuna mpinzani wa kulalamika, na kikundi kizima kinaweza kujipendelea.

Walioutunga waliliona hilo. Wachezaji wakibishana na jibu lisipatikane, waliandika, wafuate lile wanaloona litawaumiza zaidi kwa wakati huo, kisha mchezo uendelee.

Sheria hiyo ingefaa Baraka na Fizi, ambako vijana wenyeji wanakaa na wenzao wa familia zilizokimbia makwao. Ubishi wa ludo tu unaweza kuleta maneno ya "ninyi wa kule". Ila michezo kama hii huja na kitabu cha Kiingereza ao Kifaransa, na anayejua kukisoma anageuka chefu wa meza. Mtoto aliyekatiza masomo kwa sababu ya vita anabaki kuambiwa weka hapa, toa pale. Nayo sheria inasema wachezaji, haisemi msomaji. Basi kitabu kielezwe kwa Kiswahili kabla ya karata ya kwanza, na kila mmoja aulize. Na kama mazimwi yanamkumbusha mtoto yale aliyoyakimbia, karata zirudi kwenye boksi, dame ipo.