Gharama ya Kiyoyozi Inaanzia Kwenye Ramani
Na Mwanahamisi Mndolwa

Joto la Dar es Salaam likishapamba moto, kuanzia Desemba hadi Machi, watu wanaojenga huniuliza jambo moja: kufunga kiyoyozi cha nyumba nzima ni shilingi ngapi? Safari hii aliyeuliza ni binamu yangu, anayejenga Kibada na sasa yuko kwenye kupaua. Fundi amempa makadirio ya mashine moja ya BTU 60,000 itakayokaa nje, mabomba mapana ya hewa yatakayopita juu ya dari, na tundu la kutolea ubaridi kila chumba, korido nayo ikiwemo. Juu ya hayo ameshauriwa aombe umeme wa fezi tatu.

Bei ya kufunga, hata iwe kubwa namna gani, mtu huilipa mara moja ikaisha. Ya kuwasha ndiyo haina mwisho. Uniti moja ya TANESCO kwa mteja wa daraja la T1 ni shilingi 292, na ukiongeza VAT pamoja na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Mashine ya BTU 60,000 ikifanya kazi kwa nguvu zote hula karibu kilowati 6. Iwashe saa nne usiku, izime saa kumi na mbili asubuhi: uniti 48, takribani shilingi 17,000 kwa usiku mmoja. Zile za inverter hupunguza nguvu chumba kikishapoa, kwa hiyo tuseme itatumia nusu tu. Bado ni shilingi 8,500 za LUKU kila usiku, kabla hujagusa friji wala pasi. Kiyoyozi cha chumba kimoja cha BTU 12,000 kwa muda huo huo hakifiki shilingi 3,200, hata kisipopumzika kabisa. Feni ya darini ya wati 70 hula shilingi 200.

Usiku hakuna anayelala koridoni. Kwa nyumba ya kawaida ya mjini, mfumo wa kupoza kila pembe kwa mpigo mmoja ni fedha inayopotea, na nilimwambia binamu yangu hivyo hivyo bila kumficha.

Lakini linalonisumbua zaidi ni joto lenyewe linakotoka. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na mwaka mzima halikai mbali. Paa ndilo linalopigwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba. Panda darini saa nane mchana ushike bati kwa ndani, uone kama mkono utakaa. Chini yake kuna ubao mwembamba wa jipsamu, halafu kitanda cha mtoto. Ndani ya tanuri hilo ndimo fundi anamotaka kupitisha mabomba ya hewa baridi, na kila kiungo kitakapolegea, ubaridi uliolipiwa utaishia kwenye bati.

Tazama sasa nyumba zinazosifiwa kuwa za kisasa. Paa limefichwa nyuma ya ukuta na upenu umekatwa, kwa hiyo ukuta wa magharibi unachomwa jioni nzima. Tofali za saruji zinalihifadhi joto hilo na kulirudisha ndani usiku, wakati ule ule watu wanapotafuta usingizi. Dirisha ni la aluminiamu la kusukuma. Hata ulifungue lote, nusu yake imezibwa na kioo cha pili. Ongeza nondo, wavu wa mbu na pazia zito, kisha uzio mrefu uliojengwa hatua mbili kutoka dirishani. Kaskazi inavuma miezi yote ya joto na haipati pa kuingilia.

Ujuzi wa kujenga vingine tunao. Beda Amuli aliposanifu Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, alilipa paa refu la miamvuli ya zege na kuacha hewa ipite kati ya watu na bidhaa.

Binamu yangu bado ana nafasi, kwa kuwa bati halijapigwa. Aweke karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto chini ya bati, aache matundu ya kutolea hewa ya moto juu ya dari, arefushe upenu, na kila chumba cha kulala kipate madirisha kwenye kuta mbili kadiri ramani inavyoruhusu. Mwarobaini upande wa magharibi apande leo. Kisha apitishe waya na mabomba ya viyoyozi vidogo vya vyumba vya kulala kabla ya plasta, hata kama mashine atanunua moja tu mwaka huu. Kuja kuchimba ukuta uliokwisha kupakwa rangi ni gharama mara mbili.

Siku ya kufunga, asimame pale pale. Fundi makini huunganisha pampu na kunyonya hewa yote na unyevu kwenye mabomba kabla ya kuachia gesi. Anayeruka hatua hiyo anakuachia mashine itakayochoka mapema. Na anayekuja kila mwaka kuongeza gesi bila kutafuta panapovuja, mnyime kazi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna tundu mahali.

Nayasema haya nikiwafikiria hasa wapangaji. Mwenye nyumba anakata upenu kuokoa mbao na bati, anabana madirisha, anachukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na joto anamwachia mpangaji alilipie kwa LUKU. Asiyemudu kiyoyozi analala na mtoto mchanga sakafuni karibu na mlango. Ramani za nyumba hizo hupita halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi. Maofisa wanaozipitia wana uwezo wa kuirudisha ramani ya nyumba ya kupangisha ambayo vyumba vyake havina pa kupitishia hewa. Naomba wautumie.