Mfungie Paka Kwanza

Kuna video za aina moja zimejaa kwenye simu zetu. Ndege ameanguka, mtu amemwokota, amemfunga kwenye leso, anampapasa kichwa kwa kidole. Piano inalia polepole. Halafu, na hapa ndipo mioyo humiminika, paka anasogezwa amnuse. Eti wamekuwa marafiki.

Marafiki wapi bana? Ndege wa porini akitulia kwenye kiganja chako hajakuamini, ameganda kwa woga. Kwa akili yake ameshakamatwa na mwindaji, na sasa unamletea wa pili, mwenye makucha. Woga peke yake unaweza kumuua, hata bila jeraha.

Na mara nyingi aliyemjeruhi ni paka huyo huyo. Mdomo wa paka una bakteria, mojawapo ikiitwa Pasteurella, ambazo zikishaingia kwenye damu ya ndege zinaweza kummaliza kwa siku moja au mbili. Kidonda chenyewe kinaweza kuwa tundu la jino tu, limefichwa na manyoya, hulioni. Kwa hivyo ile "hana shida, ameshtuka tu" achana nayo. Ndege aliyeshikwa na paka anahitaji antibiotiki kutoka kwa daktari wa mifugo leo, si kesho. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa ya mifugo, lakini hili halihitaji digrii.

Na mkate uliolowekwa kwenye maziwa? Ndege hanyonyi, tumbo lake haliwezani na maziwa. Maji unayomdondoshea mdomoni nayo huingia kwenye njia ya hewa, maana tundu lake liko hapo tu nyuma ya ulimi. Chozi hula nekta na wadudu, hua hula mbegu. Nyinyi mnawapa wote ugali.

Najua mtanijibu nini. Mashauri yote husema "mweke kwenye chumba tulivu, mbali na wanyama wengine", kana kwamba kila mtu ana chumba cha ziada. Sisi wa bedsita Roysambu chumba ni kimoja, na paka ndiye mwenye kitanda. Sawa, basi paka ndiye atakayehama. Alale kwa jirani. Ikishindikana, boksi la viatu lenye matundu na kitambaa ndani liingie bafuni, mlango ufungwe, taa izimwe. Usimlishe, usimnyweshe, usimchungulie na kamera. Simu itumie kumtafuta daktari au KWS, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumfuga bila kibali, hata ukishampa jina tamu. Akiwa mwewe au tai, kuna watu Naivasha ambao kazi yao ni hiyo.

Lakini wengi wa hawa "majeruhi" hata hawajaumia. Ni makinda waliotoka kiotani juzi, manyoya tayari, mkia mfupi, wanarukaruka chini ya ua siku kadhaa kabla mabawa hayajapata nguvu. Wazazi wako juu ya waya wa stima wanakupigia kelele, mdomoni wameshika wadudu. Ukipita hapo na leso yako, unaiba mtoto wa watu. Mwache, au mwinue umweke kwenye tawi, kisha mfungie paka ndani wiki moja. Atalia mlangoni usiku kucha, atakwaruza kochi, na majirani wa ploti watalalamika. Hiyo wiki ndiyo watu wa leso hawataki kuisikia.