VIFAA VYA PICHA VITOLEWE, NEGATIVU ZIBAKI

Ndugu wanachama,

Wengi wenu mmekwishaona yale masanduku matatu yaliyorundikwa stoo, nyuma ya magunia matupu ya kahawa. Ni vifaa vya chumba cha giza alivyotuachia marehemu mzee wetu mpiga picha: mashine ya kukuzia picha, trei, taa nyekundu, karatasi, chupa za dawa na bahasha za negativu. Mkutano uliopita ulisema vigawiwe bure, stoo ipate nafasi kabla ya msimu. Sisi tunaoandika ukuta huu tunakubali vigawiwe. Ila tunauliza: kigawiwe nini, na apewe nani?

Mashine msiseme ni chuma chakavu. Ni kweli Kodak iliacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe mwaka 2005, lakini Ilford ya Uingereza bado inazitengeneza, na wapo vijana wanaojifunza kazi hii upya. Apewe atakayeifanyia kazi, siyo anayetaka kung'oa lenzi akauze Tunduma. Tayari mmoja ameshaulizia bei kwa kilo! Karatasi zile zimepitwa na muda, picha zitatoka na ukungu wa kijivu. Zinamfaa anayejifunza, bora aambiwe ukweli.

Dawa asipewe mtu, hata akilia. Lebo zimefutika, na mbili zimo katika chupa za soda. Mtoto akiziona je? Tena ile dawa ya kukazia picha, ikishatumika, hubaki na madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu na karatasi, nayo huua viumbe vya majini. Ati kuna aliyesema imwagwe kijitoni. Kijito kipi? Hicho hicho tunachoteka maji ya kuoshea kahawa? Zifungiwe mbali, na bwana afya aulizwe kwanza.

Sasa negativu, na hapa ndipo tunapogombana. Wapo wanaosema ziende pamoja na mashine, manake ni plastiki tu. Hapana jamani. Humo mna harusi zetu, mazishi yetu, watu waliopanga foleni kwenye mizani ya kahawa, na picha ndogo ndogo za vitambulisho. Kuna marehemu ambao hawana picha nyingine popote.

Misheni hii ilianzishwa na Wamoraviani mwaka 1899, na picha nyingi walizopiga wamisionari wao katika nchi hii ya kusini zimetunzwa Herrnhut, Ujerumani. Anayemtafuta babu wa babu yake aandike barua Ulaya. Hizi alizipiga mwenzetu, ziko hapa hapa, halafu tuzitupe kama maganda ya kahawa? Kule Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art mwaka 1930. Mwanawe Rohit aliirithi kazi hiyo, na picha za baba yake akazitunza. Hakusema zinajaza stoo.

Tunapendekeza negativu zitiwe kwenye debe lenye mfuniko, liwekwe juu ya rafu, maana unyevu wa masika huzigandisha. Anayetaka mashine aandikishe jina kwa katibu. Na Jumamosi, saa nne asubuhi, leteni wazee ofisini watutajie majina kabla hawajasahau. Tutazitazamia dirishani. Msicheke mkiona nyuso nyeusi zimetoka nyeupe, negativu ndivyo zilivyo.