Neno la Mhariri: Anayenunua redio ananunua nini?

Kwa miaka mingi hapa Unguja msiba haukuwa rasmi mpaka redio iutangaze. Jamaa wa marehemu alikwenda kwenye kituo cha redio cha Raha Leo na kikaratasi: jina, mtaa, saa ya maziko, makaburi, kisha orodha ndefu ya watu wa kujulishwa, wa Wete, wa Mkoani, wa Tanga, wa Dar es Salaam, popote walipo. Akilipa ada yake, mtangazaji aliyasoma majina yote bila kuruka hata moja, kwani alijua kwamba jina likirukwa kuna nyumba itakayonuna. Saa ya vifo ilipofika, watoto waliambiwa wanyamaze. Leo khabari hiyo hiyo inafika kwenye WhatsApp ya ukoo kabla maiti haijaoshwa, bure, na picha juu.

Toleo hili linahusu thamani ya redio za mjini, nasi tumeanza nyumbani, na matangazo ya vifo, kwa kuwa ukisikia watu wakizungumzia kuanguka kwa redio, huanza na Marekani. Huko kweli hesabu zinatisha. Sheria ya mwaka 1996 ilipoondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima, makampuni yalivamia soko na kununua kwa mikopo. Clear Channel, ambayo baadaye ikaitwa iHeartMedia, ilichukuliwa na wawekezaji mwaka 2008, na Machi 2018 ikaomba kinga ya kufilisika ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Kampuni nyingine ya redio, Audacy, ikafuata mkondo huo mwaka 2024. Huko Los Angeles, kituo cha Power 106 kiliuzwa mwaka 2017 kwa dola milioni 82.75, na miaka miwili baadaye mnunuzi yule yule, kampuni ya Meruelo, akaichukua KLOS, redio yenye jina kubwa katika mji huo huo, kwa milioni 43. Karibu na kwetu, mwaka 2016 Nation Media Group ya Nairobi ilizifunga Nation FM na QFM.

Kilichokuwa kikiuzwa kwa mabei yale ni uhaba. Masafa ya FM yana nafasi chache, na aliyekaa ndani ya nafasi hizo alijua kuwa mwenye duka hana njia nyingine ya kumfikia mteja aliye jikoni au njiani. Simu ilipofungua njia ya pili, ya tatu na ya mia, kiti kile kikabaki kiti tu.

Sasa turudi Unguja. Redio za binafsi zilipoanza hapa katika miaka ya 2000, Zenj FM ikiwa miongoni mwa za mwanzo, wengi waliona biashara imefunguka. Lakini soko lenyewe lilikuwaje? Sensa ya 2022 iliihesabu Zanzibar nzima, pamoja na Pemba, watu 1,889,773. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikuwa na 5,383,728, na redio zake zinasikika hapa bila shida. Makampuni ya simu na mabenki hupanga bajeti zao za matangazo Dar, na Unguja hupata kinachobaki.

Utalii, ambao ndio tunaambiwa unatulisha, kwa redio zetu ni kama haupo. Hoteli ya Nungwi au Kiwengwa haina haja ya kujitangaza kwa muuza samaki wa Darajani. Mteja wake yuko Milan au Warsaw, analipia chumba kwa intaneti, na fedha ya tangazo inaishia huko huko. Kwa hiyo redio ya mjini inaishi kwa maduka ya Mlandege, kwa vipindi vinavyolipiwa na mashirika, na kwa wanasiasa kila baada ya miaka mitano. Hao wa mwisho ni wateja wazuri sana mpaka siku ya kupiga kura.

Basi mwenye fedha anayetaka kununua kituo hapa apige hesabu ya anachokipata. Masafa si mali ya kurithisha. Ni ruhusa yenye muda na masharti. Anachopata ni transmitta, maikrofoni, nafasi ya kufunga antena mnarani, jenereta, na mara nyingi mishahara ya nyuma. Akiongeza watangazaji maarufu, amenunua kitu chenye miguu. Tanzania nzima sasa inazungumzia usajili wa watangazaji kama usajili wa Simba na Yanga, na msikilizaji anahama pamoja na sauti aliyoizoea. Millard Ayo alijulikana akiwa Clouds FM. Leo ana Ayo TV yake mtandaoni, na hahitaji mnara wa mtu.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema redio imekwisha. Kikaratasi kile cha Raha Leo hakikulipiwa kwa sababu ya mawimbi peke yake. Kililipiwa kwa sababu kulikuwa na mtu mezani aliyeuliza: nani kakutuma, maiti iko wapi, maziko saa ngapi? WhatsApp haiulizi, na imeshawazika wazima wengi. John Okello, kiongozi wa mapinduzi, alipotaka watu wajue Januari 1964 kwamba utawala wa Sultani umeanguka, aliwatangazia kwa redio, kwani lililosemwa na redio lilikuwa limekuwa. Imani ile ndiyo mali iliyobaki, na ndiyo wamiliki wetu wasiyoigharimia. Kituo kinaweza kufunga mitambo mipya kisha kisiwe na mwandishi hata mmoja wa kudumu kusini mwa kisiwa. Taarifa ya habari inasomwa kutoka kwenye simu, tena wakati mwingine ni ile ile tuliyokwisha kuisoma sisi asubuhi.

Redio jamii zimeonyesha njia nyingine. Mtegani ya Makunduchi na Tumbatu FM hazimtamanishi mnunuzi yeyote, wala hazikuanzishwa zipate mnunuzi. Zina shida zao za fedha, tena nyingi, lakini kazi yao ni mambo ambayo hakuna kituo cha Dar kitakachoyafuata: mwani, bahari, skuli, maji. Na shirika la umma la utangazaji, ZBC, limerithi kazi ya redio ya zamani, Sauti ya Unguja, pamoja na taarab zilizorekodiwa humo tangu miaka ya 1950. Hazina ya namna hiyo hakuna tajiri anayeweza kuianzisha leo kwa fedha yoyote, nayo inastahili kuwekewa bajeti yake kila mwaka kama inavyowekewa mitambo.

Tunapendekeza jambo moja kwa Tume ya Utangazaji: mwombaji anapokuja kuhuisha leseni, asiulizwe tu nguvu ya transmitta. Aulizwe ana waandishi wangapi wanaolipwa mshahara, wako wilaya gani, na lini walilipwa mara ya mwisho. Wamiliki ambao hawakubaliani nasi wanakaribishwa kujibu. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi, na wakileta vitabu vyao vya hesabu pamoja na hoja zao, tutavichapisha.