Darasa Lipambwe kwa Mikono ya Watoto
Sisi wazazi wa Manzese tunajua madarasa yetu yalivyojaa, kwa hiyo kulipamba moja kwa ajili ya Siku ya Mtoto wa Afrika si kazi ndogo. Nawaomba waamuzi wa shindano la mapambo wasitoe alama kwa maputo na riboni za dukani. Watazame herufi zilizokatwa kwenye maboksi, vizibo vya soda vya kuhesabia, vipande vya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani wetu. Siku hii inawakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioandamana Juni 16, 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Nao wawemo ukutani, wachorwe na watoto wenyewe. Na mapambo yasibanduliwe kesho yake, darasa la kwanza bado wanajifunzia kusoma hapo.