Shairi si Bango

Malenga wenzangu, umezuka mtindo katika diwani zetu ndogo ambao sitaunyamazia. Shairi zima, tangu kichwa hadi tamati, huchapwa kwa herufi koza za mlazo, zile zisizo na vikonyo kwenye ncha: nene, kavu, zimeinama mbele kama mtu anayekimbilia basi.

Sizichukii herufi hizo mahali pake. Ubavuni mwa basi zinafaa, maana basi linapita na msomaji hana muda. Huku Bujonde nazisoma kwenye vibao vya wauza mchele, wala hazinikeri. Hata jina la kanga, ambalo ni fasihi kamili, huchapwa kwa herufi kubwa nene kwa kuwa husomwa kwa mbali, kiunoni mwa mtu anayekwenda zake. Lakini jina la kanga ni mstari mmoja. Shairi la beti 7 za mishororo minne, kila mshororo mizani 16, lina mizani 448. Nani atavumilia kupigiwa kelele mara 448?

Watetezi wa mtindo huu hunitajia Aldus Manutius wa Venice, aliyechapa mashairi ya Virgil kwa mlazo mtupu mwaka 1501. Ni kweli. Ila mlazo wa Aldus ulizaliwa na mkono wa mwandishi wa kalamu, ukawa mwembamba na mwepesi. Huu wa kompyuta mara nyingi ni herufi ileile ya kusimama iliyosukumwa ubavuni, kisha ikanenepeshwa.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Mwingereza akitaka kukazia neno, aghalabu hupandisha sauti tu na kuyaacha maneno katika mpangilio uleule. Kwa hiyo karatasini analihitaji neno lililolazwa. Sisi tunalihitaji la nini? “Juma alikuja” ni habari. “Alikuja Juma” ni habari nyingine. “Juma ndiye aliyekuja” imefunga mjadala, na hakuna herufi iliyoinama. Tuna “ndi-”, tuna takriri, tuna kina cha kati kinachomsimamisha msomaji pale mshairi anapotaka. Anayekoza mshororo mzima anakiri kwamba maneno yake yameshindwa kazi, au anamtukana mshairi ambaye maneno yake hayakushindwa.

Katika diwani moja iliyonifikia, kijana alitia neno la Kinyakyusa, “ndaga”, yaani asante, katikati ya ubeti wa Kiswahili. Kwa desturi ya uchapaji, neno la lugha nyingine hulazwa ili msomaji alitambue. Pale kila neno lilikuwa limelala tayari, na “ndaga” ikakosa pa kulalia. Shukrani ya mtoto kwa mama yake, iliyosemwa kwa lugha ya mama huyo, ikapita kama kosa la chapa. Mhariri hakuliona hilo. Alikuwa akipamba ukurasa.

Wapo watakaosema kuwa kukoza humsaidia mwanafunzi kuviona vina. Darasani nami nilivipigia mstari kwa chaki ya rangi, cha kati rangi moja, cha mwisho nyingine. Kisha nilifuta ubao, tukafungua kitabu, mmoja akasimama kughani, na wengine wakavisikia.